Flagey: Jumba la redio lililopitia vita

Katika uwanja wa Flagey, eneo la Ixelles mjini Brussels, lipo jumba la matofali ya manjano lenye mnara, ambalo wenyeji wamelipa jina la meli. Siku hizi watu huenda pale kusikiliza muziki. Lakini jumba hilo lilijengwa kwa ajili ya redio, chombo ambacho vita viwili vikuu vya dunia vilikikuza haraka kuliko kitu kingine chochote.

Kisa chenyewe kinaanzia Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, mhandisi Robert Goldschmidt alisimamia ujenzi wa vituo vya simu ya upepo katika koloni hilo, kutoka pwani ya Atlantiki hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ili Ubelgiji iweze kuwasiliana nako, kituo kikubwa kilijengwa Laeken, karibu na kasri ya mfalme. Machi 28, 1914 kituo hicho kilirusha hewani muziki kwa heshima ya Malkia Elisabeth.

Furaha hiyo haikudumu. Agosti 1914 Wabelgiji wenyewe walikiharibu kituo cha Laeken ili kisiangukie mikononi mwa majeshi ya Ujerumani.

Hata hivyo vita havikuizima redio. Majeshi yalihitaji mawasiliano kutoka mahandaki, meli na ndege. Nchini Ufaransa, chini ya Kanali Ferrié, ilitengenezwa taa ya redio ya kukuza sauti, na zaidi ya taa 100,000 zilitolewa viwandani kabla ya vita kumalizika mwaka 1918. Taa za aina hiyo ndizo zilizowezesha redio za majumbani miaka ya 1920.

Shirika la taifa la redio la Ubelgiji liliundwa mwaka 1930, na jumba la Flagey, lililochorwa na Joseph Diongre, lilikamilika mwaka 1938. Studio ziliwekwa katikati na ofisi pembezoni, ili kelele za barabarani zisipenye.

Miaka miwili baadaye, Mei 1940, Wajerumani waliiteka Brussels na kuitumia redio hiyo kwa propaganda yao.

Wabelgiji waliokimbilia London wakajibu kupitia BBC. Januari 14, 1941, Victor de Laveleye, waziri wa zamani, aliwataka wasikilizaji wachore herufi V ukutani: ni herufi ya kwanza ya neno ushindi kwa Kifaransa na ya neno uhuru kwa Kiholanzi. BBC ikaitumia alama hiyo kwa ishara za Morse, nukta tatu na mstari mmoja, mapigo yanayofanana na mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven. Kusikiliza London kulikuwa marufuku, lakini V zilizagaa kwenye kuta.

Mwaka 1943 Kongo ikaingia tena katika kisa hiki. Mtambo wenye nguvu wa mawimbi mafupi ulianza kazi Léopoldville, leo Kinshasa, ukirusha matangazo ya Ubelgiji huru. Hapo ndipo penye uchungu. Sauti ya uhuru wa Ubelgiji ilitoka katika ardhi ya watu wasiokuwa na haki ya kupiga kura, ambao askari wao walikuwa wamepigana na Waitaliano Ethiopia mwaka 1941 chini ya bendera ya Ubelgiji. Wakongo walisubiri uhuru wao hadi Juni 30, 1960.

Brussels ilikombolewa Septemba 1944, na redio ya taifa ikarejea Flagey. Watangazaji walihamia kwingine katika miaka ya 1970, na baada ya matengenezo makubwa jumba lilifunguliwa upya mwaka 2002 kama ukumbi wa muziki.

Ukipanda barabara ya Ixelles kutoka hapo, kwa mwendo mfupi wa miguu, unafika Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa.