Hizo GB 35 Hazijaliwa na Virusi

Swali limerudi tena: "Fundi, nimenunua diski ya GB 500, kompyuta inaonyesha 465. Hizo nyingine zimeliwa na virusi?" Hazijaliwa. Jibu liko kwenye boksi, chini kabisa, kwenye maandishi ya kusomwa kwa miwani: GB 1 ni baiti bilioni 1.

Windows nayo inaandika GB, ila inahesabu kwa mafungu ya 1,024, hivyo GB yake ni baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 500 kwa hiyo, utapata 465 na ushee. Kilomita 100 ukizisoma kwa maili ni 62. Mbona hapo humtafuti mwizi? Apple ilihamia hesabu hiyo ya boksi mwaka 2009, na kwenye Mac diski hiyohiyo inasoma 500 bila kutibiwa na mtu.

Kwa hiyo tusikilizane. Kufomati hakurudishi kitu ambacho hakijapotea. Fomati hata mara kumi, 465 ni ileile, isipokuwa picha za harusi ndizo zimekwenda. Fundi anayekutoza hela "kufungua nafasi iliyofichwa" anakuuzia GB hewa. Na ile programu ya bure inayoahidi muujiza huohuo ndiyo inayoweza kukuletea hao virusi unaowaogopa. Marekani walilipeleka suala hili la GB mahakamani. Mwaka 2006 kampuni ya diski ya Western Digital ikamaliza kesi kwa kuwapa wateja programu ya kutunzia nakala. GB hazikuongezwa hata moja.

Tatizo ni kwamba maandishi madogo husomwa yakichekesha tu. Mwaka 2005 Apple ilitangaza iPod shuffle, ile ya kuchezea muziki, kwa kuilinganisha na pakiti ya chingamu, kisha chini ikaonya kwamba isiliwe. Onyo hilo watu wanalikumbuka hadi leo. La baiti bilioni nani analikumbuka?

Haya, upesi. Zidisha GB za boksi kwa 0.93, hiyo ndiyo itakayosomwa na Windows. Kwenye laptopu toa zaidi, maana mfumo endeshi nao unakaa humo. Betri ya "hadi saa 10" isome kuanzia hilo "hadi". Na flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani ya chipsi? Hapo umeibiwa kweli: ipime kwa programu ya H2testw ikiwa bado tupu, na ukimrudia muuzaji nenda na risiti.