Usawa Mezani Si Kufanana

Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake: huyu askari, yule mchawi, na dadu huamua kama wamefaulu.

Ugomvi wake ni wa siku nyingi. Mchawi huanza akiwa dhaifu, lakini apandapo ngazi humwacha askari nyuma. Toleo la mwaka 2008 liliwapa wote uwezo kwa mpangilio mmoja. Wachezaji wengi wakalalamika kwamba wahusika wamefanana mno. Toleo la mwaka 2014 likarejesha tofauti.

Je, haki ni ipi? Mchezaji hachukizwi na nguvu za mwenzake. Huchukizwa na kuketi jioni nzima asihitajiwe. Basi, wewe usimamiaye mchezo, mwekee askari mlango usiofunguka kwa uchawi.