Tulipowapeleka watoto kwenye mizinga ya kilimani

Jumamosi iliyopita tulipanda kilima hapa Kalemie, wamama 11 na watoto 26, kwenda kuona mizinga ya zamani inayotazama ziwa. Tuliondoka saa moja asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, na bidoni mbili za maji na mihogo ya kuchemsha. Ruhusa tuliiomba siku tatu mbele, kwani hapa kwetu mtu hapandi kwenye mizinga bila kueleza anakwenda kufanya nini.

Si wote walioikubali safari hii. Katika mkutano mama mmoja alisimama akauliza: watoto wetu wameona bunduki za kutosha, mnataka kuwaonyesha nyingine za nini? Yeye aliwahi kukimbia kijiji chake na mtoto mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumjibu haraka. Tulichoweza kusema ni kwamba watoto wanaiona mizinga ile na wanauliza, na wakubwa wanawajibu chochote tu. Mtoto mmoja aliambiwa ni ya Mobutu!

Mizinga hiyo ni ya vita vya kwanza vya dunia. Wabeleji walikuwa upande huu, Wajerumani ng'ambo, Kigoma, na meli zenye nguvu zilikuwa za Wajerumani. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann ilikuja hadi hapa Lukuga ikaipiga meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune. Tangu siku hiyo ziwa likawa lao.

Ndipo Waingereza wakaleta boti mbili ndogo kutoka London, Mimi na Toutou. Mwenzetu mmoja, mwalimu aliyestaafu, alipotaja majina hayo watoto walicheka sana. “Boti ya nani?” “Mimi!” Waliendelea hivyo mpaka tukawanyamazisha. Mkubwa wa boti hizo, Spicer-Simson, alikuwa akivaa sketi, na watu wa hapa wakamwita Bwana Chifungatumbo. Hilo nalo halikusaidia kuwatuliza.

Lakini kilichotushika sisi wamama ni njia zilimopita boti hizo. Treni ilizileta kutoka Cape Town hadi Fungurume. Kutoka pale zilivutwa juu ya milima ya Mitumba hadi Sankisia, kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe wengi, katika njia iliyokatwa porini, na madaraja zaidi ya 100 yakajengwa kwa miti. Kisha zikaenda kwa treni ndogo hadi Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, na treni tena mpaka ziwani. Zilifika mwishoni mwa Oktoba 1915.

Sasa, trekta la mvuke linakunywa maji kuliko ng'ombe, na ulikuwa wakati wa ukame. Nani alichota? Wanawake wa vijiji vya huko. Walitembea mbali na mitungi kichwani, wakaja kuimimina ndani ya mashine, wakarudi kuchota tena. Bila maji yale boti zingebaki mlimani. Vitabu vinataja jina la kila afisa wa Kiingereza. Wale wanawake hawana hata jina moja.

Mwalimu alipofika hapo, bibi mkubwa kuliko sisi wote, ambaye alikuwa amekaa kimya kwenye kivuli, alisema babu yake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hiyo hadi Tabora, na hakurudi. Nyumbani walimlia bila maiti. Wajukuu zake walikuwa pale. Hawakuwahi kusikia neno hilo.

Tuliwaonyesha watoto maji yale ambapo tarehe 26 Dezemba 1915 Mimi na Toutou ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani, watu wakitazama kutoka juu ya vilima hivi hivi. Ilichukua dakika kama kumi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazama. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baadaye ikaopolewa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Hapo mwenzetu mwingine akaruka: “Ile ile?” Ndiyo, ile ile. Mwaka 1997 Liemba ilirudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma, na yeye alikuwamo, mtoto wa miaka tisa, amelala juu ya gunia la nguo. Hakujua kwamba alilalia meli ya vita.

Jambo moja lilitutia hofu. Tukishuka, mtoto wa miaka saba alikuja na kipande cha chuma chenye kutu alichokiokota majanini. Tulimwambia akiweke chini polepole, tukawaondoa wote, tukaenda kumwambia askari wa zamu. Kilikuwa kipande cha bomba tu, lakini sisi wakubwa hatukuwa tumewaonya kabla ya kupanda, na kosa hilo ni letu. Kikundi kitakachokwenda baada yetu kiwaambie watoto nyumbani, kabla ya kufunga mlango: chuma chochote cha porini hakiguswi, hakipigwi teke, mtu mzima anaitwa. Na simu za kupiga picha zibaki mfukoni mpaka aliyewapa ruhusa aseme ndiyo.

Safari ijayo tutashuka bandarini, kisha tutakwenda kwa yule bibi atusimulie yaliyobaki, na wasichana wakubwa wataandika. Mleta mtoto alete pia daftari na kofia. Mama aliyekataa safari ya kwanza amekuja kuuliza kama bandarini kuna mizinga. Tulimwambia tunakwenda kuona maji na kumsikiliza bibi. Ameandikisha watoto wake wawili, yeye mwenyewe bado anafikiri.