Uraibu wa Simu na Thamani ya Nafsi

Neno uraibu, kwa wazee wetu wa mwambao, halikuwa neno la kutisha. Lilikuwa ni jina la vitu vya kutafuna: tambuu, popoo, chokaa, katu, na tumbaku kwa aliyeitaka. Mgeni akija hufunguliwa kijaluba, watu wakatafuna na mazungumzo yakaendelea. Baadaye neno hilo likahamia kwenye pombe na unga, na miaka hii limehamia tena, safari hii kwenye simu ya mkononi. Siku hizi husemwa "uraibu wa intaneti", na wanaotajwa sana ni wanafunzi wa vyuo vikuu.

Malindi si mji wa kufundishwa maana ya uraibu. Shirika la Omari Project lilianzishwa hapa katika miaka ya 1990 ili kuwasaidia vijana waliotekwa na heroini, na neno arosto, ile taabu ya mwili unaodai unga, hata watoto wetu wanalijua. Kwa hiyo mtu akimwambia mama wa hapa kwamba simu ni sawa na unga, mama huyo ana haki ya kukasirika. Mimi pia siukubali usemi huo. Shirika la Afya Duniani lenyewe halikuuandika uraibu wa intaneti katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Liliandika uraibu wa kamari na ule wa michezo ya kompyuta.

Hata hivyo, jambo lipo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, alilitangaza mwaka 1996, na alipotaka maswali ya kumpimia mtu aliyetekwa na intaneti, aliyachukua yale ya kuwapimia wacheza kamari akayageuza kidogo. Hakukosea mlango. Mvuvi wa mshipi analijua hili. Lau samaki angenasa kila baada ya dakika tano, mvuvi angepata kitoweo chake akaenda zake. Lakini kwa kuwa hajui atanasa saa ngapi, hukaa hadi jua likachwa. Mmarekani mwingine, B. F. Skinner, alilionyesha jambo hilo kwa njiwa katika karne iliyopita: njiwa anayepewa punje bila ya kujua itakuja lini huendelea kudonoa hata punje zikikatika. Simu nayo hutoa punje zake vivyo hivyo. Unaifungua, hamna kitu. Unaifungua tena, hamna. Mara ya tatu, watu ishirini wameipenda picha yako.

Na punje yenyewe ni nini, ndugu msomaji, kama si kutajwa? Mtu kupenda kutajwa si jambo geni. Redio zetu zilikuwa na vipindi vya salamu, na watu wazima wenye wake na watoto walinunua kadi, wakaziandika, wakakaa kitako wakingojea majina yao yasomwe. Sisi watunzi tulikuwa vivyo hivyo: unapeleka shairi gazetini kwa posta, unangojea wiki nyingi, na siku linapochapwa unapita barazani mara mbili ili watu wakuone. Lakini kipindi cha salamu kilikuwa na saa yake, kikiisha kimekwisha. Tena aliyekujibu shairi lako alikuwa amelisoma.

Tumfanye kijana mmoja, katoka Garashi, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Siku ya matokeo ya mtihani jina lake lilitajwa msikitini na sokoni, watu wakachanga nauli na godoro. Kisha akafika Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kilichoanza mwaka 2007 pahali palipokuwa chuo cha kilimo na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Pale yeye ni mmoja katika maelfu. Hapana amjuaye baba yake ni nani. Mkopo wa HELB umechelewa, viatu ni vile vile vya shule. Usiku, baada ya isha, hujilaza na simu, na humo kila mtu yuko harusini, ufukweni, ndani ya gari jipya. Anajua kwamba mwenye gari lile ameliazima kwa kupigia picha tu. Akili inajua, moyo haujui. Naye hutoa picha yake akangojea. Saa nane za usiku bado anangojea. Alfajiri humpita, mhadhara wa asubuhi humpita, alama zikashuka, na aibu ya alama ikamrudisha kule kule kwenye simu.

Wataalamu hupima mtu anavyojithamini kwa kauli kumi alizozitunga Morris Rosenberg, aliyezijaribu kwa wanafunzi wa sekondari wa jimbo la New York na kuzichapisha mwaka 1965. Tafiti za nchi nyingi zimeona kwamba wanaojithamini kidogo ndio aghalabu wanaotekwa zaidi na intaneti. Lakini nyingi katika hizo ziliwauliza watu mara moja tu, na kwa kuuliza mara moja huwezi kujua kama unyonge ndio uliompeleka kijana kwenye simu, au simu ndiyo iliyomnyongesha. Kwa rai yangu ni vyote viwili, kimoja kikikisukuma kingine.

Na sisi wazee tumo. Lugha yetu ina neno kujiona, nalo ni tusi. Kijana anayejiona ni mwenye kibri. Basi tulipokuwa tukiwalea tuliogopa sana wasijione, tukawanyima hata maneno mema waliyostahiki. Kujithamini ni kitu kingine kabisa na kujiona. Mtoto asiyeambiwa na babake "umefanya vyema" atakwenda kulitafuta neno hilo kwa watu wasiomjua, na watampa kwa hesabu: leo arubaini, kesho watatu.

Wako wasemao dawa ni kumnyang'anya simu. Mambo yale yamepita. Mwaka 2009 waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, ulifika Mombasa, na intaneti iliyokuwa ya dakika za kulipia dukani ikaanza kuingia mifukoni. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yenyewe yakahamia simuni, na hata vilipofunguliwa matangazo mengi ya darasa yakabaki humo. Ukimnyang'anya simu umemnyang'anya na daftari.

Kinachowezekana ni kidogo kuliko hicho. Simu yaweza kulala chumba kingine na mwenyewe akaamshwa kwa saa ya mezani. Vyuo vikuu vyetu vina ofisi za ushauri nasaha, na kuingia humo si wazimu wala si fedheha. Na tangu Mei 2021 Instagram yenyewe inamruhusu mtumiaji kuificha ile hesabu ya waliopenda, asiione kwenye picha za watu wala watu wasiione kwenye zake. Picha zinabaki, jamaa wanabaki, salamu zinaendelea kupelekwa. Kinachoondoka ni ile tarakimu chini ya picha.