Vumbi la viwandani: kwa nini barakoa pekee haitoshi

Mnamo saa moja na robo usiku, tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha kusafisha sukari cha kampuni ya Imperial Sugar kililipuka katika mji wa Port Wentworth, karibu na Savannah, jimbo la Georgia nchini Marekani. Watu 14 walikufa na wengine 36 walijeruhiwa. Wanane walifia pale pale, na sita walifariki baadaye wakitibiwa majeraha ya moto. Hapakuwa na bomu, wala gesi, wala petroli. Kilicholipuka ni vumbi la sukari.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, CSB, ilitoa ripoti yake Septemba 2009. Chini ya maghala marefu ya sukari ulikuwepo ukanda wa chuma wa kusafirishia bidhaa hiyo. Mwaka 2007 ukanda huo ulizibwa kwa mabati ili sukari isichafuke, lakini haikuwekwa njia ya kuondoa hewa yenye vumbi. Vumbi likajikusanya humo ndani hadi kufikia kiwango cha kuweza kuwaka, na inaelekea beringi iliyopata joto kupita kiasi ndiyo iliyoliwasha.

Mlipuko huo wa kwanza haukuwa ndio uliosambaza maangamizi. Ulitikisa jengo, na vumbi lililokuwa limelala kwa muda mrefu sakafuni, juu ya mabomba na juu ya boriti likapeperuka, likashika moto, likalipuka chumba baada ya chumba. Kwa maneno mengine, wafanyakazi wale waliuawa zaidi na vumbi ambalo halikufagiliwa kuliko lile lililokuwa mtamboni.

Jambo hili si la ajabu kwa anayelifikiri. Gogo huwaka polepole kwa kuwa moto huligusa upande wa nje tu. Lisage liwe unga, uupeperushe hewani, na kila chembe itazungukwa na hewa pande zote, hata moto upite mara moja. Ndivyo ulivyo unga wa ngano na wa mahindi, ndivyo yalivyo maranda laini ya mbao, vumbi la pamba, la kahawa, na hata la madini kama aluminiamu.

Hata hivyo, milipuko si madhara makubwa zaidi ya vumbi. Magazeti huipenda kwa sababu ina picha. Mapafu yanayoharibika kwa miaka 20 hayana picha, na kwa hiyo mara nyingi hayana habari.

Lile usiloliona

Aliyewahi kusimama katika karakana ya seremala ameona mwali wa jua ukipenya dirishani huku chembe zikielea ndani yake. Chembe nzito hazina hatari kubwa kwa mapafu. Chembe yenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya milimita huanguka kutoka kimo cha mtu hadi chini kwa sekunde chache, na ikiingia puani hunaswa na vinyweleo na kamasi. Lakini chembe ya mikromita moja, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, huweza kuchukua saa kumi na zaidi kuanguka kimo hicho hicho, hata hewa ikiwa imetulia kabisa. Na kiwandani hewa haitulii. Kwa hiyo anayeingia zamu ya asubuhi anavuta vumbi la zamu ya usiku.

Chembe za chini ya mikromita tano hivi ndizo zinazofika mwisho wa njia ya hewa, kwenye vifuko vidogo ambamo damu hupokea oksijeni. Huko hakuna kamasi ya kuziondoa. Zikiwa za mchanga wa silika, unaotokana na kukata mawe, kutoboa miamba na kusaga zege, huacha makovu yasiyofutika. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba na humfanya mgonjwa awe rahisi kupatwa na kifua kikuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 na lile la silika mwaka 1997 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Vumbi la pamba lina tabia yake. Mfanyakazi hubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha hupata nafuu kadiri wiki inavyosonga, na wengi hudhani wamezoea. Kumbe ndio mwanzo wa bisinosisi, iliyowaua wafumaji wa Lancashire na wa majimbo ya kusini mwa Marekani. Serikali ya Marekani ilipoweka kikomo cha vumbi hilo mwaka 1978, wenye viwanda walilalamika kwamba watafilisika, wakaenda hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo, wakashindwa mwaka 1981. Gharama halisi ilikuja kuwa ndogo kuliko walivyotabiri, kwa sababu mitambo mipya iliyopunguza vumbi ilikuwa pia na kasi zaidi. Ugonjwa ukapungua sana. Hoja ya kufilisika bado inasikika kila mahali, nami huisikiliza nikiikumbuka kesi hiyo.

Jinsi mtambo unavyofyonza

Mtu anaweza kukizima kibatari kwa kukipuliza akiwa hatua moja mbali nacho. Hawezi kukizima kwa kuvuta pumzi, hata akikisogeza karibu na mdomo. Siri yote ya kufyonza vumbi imo humo. Hewa inayopulizwa huenda mbali kwa mkondo mmoja, ilhali inayovutwa hutoka pande zote, na nguvu yake huisha upesi. Mdomo wa bomba la kufyonza ukiwa mbali na vumbi kwa umbali ulio sawa na upana wa bomba lenyewe, kasi ya hewa pale huwa imeshuka chini ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana feni kubwa ya ukutani, ambayo wenye viwanda wengi huwaonyesha wakaguzi kwa fahari, haisaidii sana. Hulipitisha vumbi mbele ya pua za wafanyakazi kabla ya kulitoa nje. Mdomo wa bomba sharti uwe palepale msumeno unapokata, au uzungukie mahali gunia linapomiminwa.

Kutoka hapo vumbi husafiri ndani ya bomba, na hewa isipokwenda kasi ya kutosha, takriban mita 20 kwa sekunde kwa vumbi la mbao, litatuama njiani na kuziba. Kisha hufika kwenye pipa lenye umbo la pia, ambamo hewa huzungushwa kama kimbunga: chembe nzito hutupwa ukutani na kuteremka chini. Chembe laini, zile zenye madhara zaidi, hupita. Hizo hunaswa na mifuko ya kitambaa, ambayo hukung'utwa kwa mipigo ya hewa yenye msukumo mkubwa. Tando jembamba la vumbi juu ya mfuko husaidia kuchuja, lakini likizidi, hewa haipiti na mtambo mzima hupoteza nguvu huku feni ikiendelea kunguruma kama kwamba kila kitu ni salama.

Na mtambo uliotelekezwa huwa hatari yenyewe. Tarehe 2 Agosti 2014, huko Kunshan nchini China, katika kiwanda cha kung'arisha ringi za magari, vumbi la aluminiamu lililolundikana ndani ya mtambo wa kulikusanya lilipata unyevu, likachemka na kulipuka. Waliokufa, wakiwemo waliofariki baadaye hospitalini, walifika 146.

Nyumbani Afrika Mashariki

Suala hili halituhusu kwa mbali. Watafiti wa Tanzania wamepima vumbi katika viwanda vya kukoboa kahawa ya Arabika na Robusta, na katika viwanda vya mkonge, wakakuta wafanyakazi wakisumbuliwa na kikohozi na matatizo ya kupumua. Katika mkonge, chumba cha kupigia brashi nyuzi ndicho kilichoonekana kibaya hasa. Sheria zipo: Tanzania ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, na Kenya yake mwaka 2007.

Lakini mara nyingi kinachotolewa ni barakoa. Wataalamu huiweka mwisho kabisa katika orodha ya kinga, baada ya kubadili malighafi, kulowesha vumbi kwa maji, kuifunika mashine na kulifyonza vumbi linapozaliwa. Kitambaa cha kawaida huzuia chembe kubwa na kupitisha ndogo. Hata barakoa nzuri huvuja isipobana usoni, na katika joto la Bukoba au la Dubai ni nani ataibana kwa saa nane? Vilevile tabia ya kujipuliza nguo kwa upepo wa kompresa mwisho wa zamu, inayoonekana kama usafi, hurudisha hewani vumbi lililokuwa limetulia.

Kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi ughaibuni, iwe katika ujenzi Ghuba au katika maghala ya Uingereza na Marekani, kuna tatizo jingine. Silikosisi huweza kujitokeza miaka 10 hadi 30 baada ya kazi kuanza, pengine mtu amekwisharudi kwao na kampuni imebadili jina. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliofunguliwa mwaka 2015, lakini daktari popote atauliza yale yale: ulifanya kazi gani, wapi, kwa muda gani, na vumbi lilipimwa? Hati za mshahara, mkataba, na nakala ya picha ya kifua iliyopigwa siku ya kuajiriwa ndizo zitakazojibu, na zote hupatikana kwa urahisi zaidi wakati mtu bado yumo kazini.