“Masanga”: disiki iliyotoka mji wa shaba

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaotwanga mawe kule Kamituga, tumezoea kuongea hapa juu ya bei ya gramu, mashimo yanayoanguka na kodi. Leo ni muziki. Lakini hatutoki kabisa kwenye kazi yetu, mutaona.

Mwaka 1952, Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Ni mji wa Union Minière: shaba, kobalti, na karibu yake Shinkolobwe, shimo lililotoa uraniamu ya bomu la Hiroshima. Watu wa kazi walitoka kila upande, hata Rwanda na Urundi. Wengine walivuka ziwa hili letu. Batu bengi namna ile, luga mingi, wakasikilizana kwa Kiswahili. Na jioni, kisha kazi, kulikuwa gitare.

Jean Bosco Mwenda alikuwa na miaka kama 22. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, kwa Wayeke, kwenye mji wa Msiri. Tusidanganyane: hakuwa mchimbaji, alikuwa mtu wa kalamu, karani. Lakini watu waliomsikiliza ni wale wa kambi.

Mwaka ule mzungu mmoja, Hugh Tracey, alikuwa anazunguka Congo na lori yenye mashini ya kurekodi. Alikuwa mtu wa Uingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, na kazi yake ilikuwa kutafuta muziki wa Afrika. Akamkuta Bosco barabarani na gitare yake. Hapakuwa na studio, hapakuwa na orchestre. Mikro moja tu. Ukikosea, hakuna wa kukutengenezea kisha, unaanza upya. Na upande mmoja wa disiki ya wakati ule, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, ulibeba kama dakika tatu hivi. Wimbo ukipita pale, unakatwa.

Sasa ona kazi yenyewe. Bosco alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba na kile cha pili. Gumba linashika nyuzi nene za chini, linatembea bila kuchoka kama mtu anayepiga nyundo. Kidole cha pili kinacheza juu, kinajibu, kinatoroka, kinarudi. Hapo katikati sauti yake inaingia. Mtu asiyemwona anafikiri wako watatu. Mwalimu mmoja wa muziki, David Rycroft, alikaa akaandika “Masanga” noti kwa noti, akaitangaza katika jarida mwanzo wa miaka ya 60, maana wapiga gitare wengi walikuwa wanatafuta jinsi anavyofanya na hawaipati. Mimi nimeijaribu pia. Gumba langu lilikataa.

Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikatoa disiki kwa jina la Gallotone. “Masanga” ikapata zawadi ya kwanza ya Osborn, kama muziki bora wa Afrika uliorekodiwa mwaka ule. Ikafika Kenya, na vijana wa magaribi ya kule wakajifunza gitare kwa kuiga Bosco. Kufika mwaka 1962 alikuwa ametoa nyimbo zaidi ya 150. Mwaka 1969 akapiga Newport, kule Marekani.

Hapa ndipo sendika inaingia. Jiwe likitoka shimoni tunauliza: nani ameliandika, kwa jina la nani, kwa bei gani? Wimbo nao ni vile vile. Kwa kampuni ile ile ya Gallo, Solomon Linda, Mzulu, alirekodi “Mbube” mwaka 1939. Haki zake zilienda kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia nzima, wengine wakatajirika. Linda akafa masikini mwaka 1962. Watoto wake walipata mapatano mwaka 2006 tu, na ilibidi waende mbele ya sheria. Bosco alienda vizuri kumupita: alikuwa na kikundi chake Lubumbashi, na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Lakini gitare peke yake haikumlisha. Aliendelea na kazi ya mshahara, benki, mtu ambaye Marekani walimwita kuja kupiga! Alikufa kwa ajali ya gari Septemba 1990.

Vijana wa Mulongwe na Kavimvira wanaorekodi siku hizi wanafanya kwa kompyuta, na wanaweza kurudilia mara 100. Lakini karatasi iko vile vile. Kabla ya kutia saini, muulize: nimeuza wimbo, ao nimeuazima? Kwa miaka mingapi? Jina langu limeandikwa kwa SOCODA, ile shirika ya haki za watungaji wa Congo? PDG wa shimo anajua asilimia yake mbele ya kushuka, na mpiga gitare naye anaweza kuuliza ya kwake.

Mwenye kutaka kusikia “Masanga” aitafute, bado inapatikana. Mara ya kwanza fuata gumba peke yake mpaka mwisho. Mara ya pili, fuata kile kidole kingine.