Giza Tunajaza, Mbalamwezi Tunamanga

Leo tubonge dishi. Si dishi ya kupiga picha, ni ile unapika Jumapili, unatupa friza, inakuokoa Alhamisi ukitoka wira umechoka ile mbaya na makala hata hayajashika moto.

Huku kwetu Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, bei ya samaki inafuata mwezi, na kila mtoto wa ufukwe huu anaijua hiyo story. Wavuvi wanaingia ziwani usiku na taa. Ndagala wanafuata mwanga, mukeke wanakuja kuwamanga ndagala, nyavu zinajaa. Giza likiwa zito, asubuhi samaki ni wengi na bei inakubali. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na yule mukeke wa juzi anakudai ganji mob. So msee mwenye friza asipange kwa mshahara peke yake. Apange na ziwa. Giza tunajaza, mbalamwezi tunamanga. Hiyo ndiyo form.

Ziwa lenyewe pia linataka tujipange. Upande wa Tanzania, uvuvi kwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ndio samaki wazaane. Mtaa unaojua kuweka akiba unaweza kungoja. Mtaa unaokula mkono kwa mdomo unalia siku ya pili.

Na kuhifadhi si kitu ya kuletwa juzi. Mashosho walianika ndagala mchangani, halafu vikaja vichanja vya waya ambavyo FAO ilisaidia kueneza hapa Rumonge, samaki wakakauka haraka bila vumbi na bila kukanyagwa na kuku. Ndagala mkavu abaki hivyo hivyo, hahitaji stima. Friza tuiachie vitu ambavyo jua haliwezi: maharagwe yaliyoiva, sombe ya majani ya muhogo, mukeke freshi.

Anza na maharagwe. Loweka usiku, asubuhi weka sufuria kubwa. Kinachokumaliza hapa ni makala, na sufuria iliyojaa haitaki moto mara tatu ya sufuria ndogo. Chemsha mara moja, gawa mara sita. Yapaki na supu yake ndio yasikauke, vitunguu na nyanya utaweka siku ya kumanga.

Sombe ndiyo wira yenyewe. Kutwanga kunakula mkono, so twanga ya mwezi mzima siku moja, mkipokezana mchi. Chemsha kwanza bila kufunika, muda mrefu, sumu ya majani ya muhogo itoke. Hapo usiharakishe hata kidogo. Halafu mwaga mawese. Tuko kwa ardhi ya michikichi, usiogope kumwaga. Yakipoa yanaganda juu kama mfuniko, hewa haifiki kwa mboga. Na usidhani sombe ya friza ni ya watu waliokosa: ndugu zetu wa Brussels, pale Matonge, wanainunua dukani ikiwa barafu na wanashukuru.

Mukeke toa matumbo, osha, futa maji kabisa. Walaze kwa sinia wasigusane, wakishakuwa mawe ndio uwapange pamoja, hivyo unachomoa mmoja bila kupigana na rundo. Mukeke ana mafuta, asilale zaidi ya miezi miwili mitatu, ladha inabadilika. Ugali sare hiyo, pika siku hiyo hiyo, ni dakika tu. Viazi mviringo vya kuchemsha pia acha, vikitoka friza vinakuwa kama sponji.

Sasa shikanisha hapa. Dishi ya moto haiingii friza. Weka sufuria kwa karai la maji baridi, koroga, na ndani ya masaa mawili iwe imeingia. Vifuko vya plastiki sahau, Burundi ilivipiga marufuku kwa amri ya Agosti 2018. Kusanya vikopo vya siagi na vyombo vyenye mfuniko, kila kimoja kitoshe mlo mmoja wa nyumba yako. Acha nafasi ya kidole juu, supu ikiganda inapanda. Andika jina na tarehe. Kikishayeyuka, kimangwe. Hakirudi kuganda tena.

Stima ikipotea, kaa rada. Friza iliyojaa, usipoifungua, inashika baridi kama masaa 48. Ikiwa nusu, kama 24. So mapengo yote jaza chupa za maji, yakiganda yanalinda dishi. Acha pia nafasi ndani ya chupa. Na kifuniko kisifunguliwe kila mtu akitaka kucheki kilichobaki: bandika orodha kwa nje.

Najua friza ni chache mtaani. Hiyo haitufungi. Nyumba nne zinaweza kuchanga stima ya friza moja, kila nyumba na kona yake. Mmoja anaenda ufukweni alfajiri, mmoja anatafuta makala, wawili wanatwanga. Na maboyz, hii si wira ya mathe na masista peke yao. Mathe amesimama jikoni kila jioni tangu tuzaliwe. Jumapili moja ya mikono yetu inampa jioni tano za kukaa chini na kupumzika, na hiyo ni heshima inayoonekana, si maneno.

Giza linalokuja, seti mbogi yako sasa: nani ana friza, nani ana sufuria kubwa, nani anaamka mapema. Mwezi ukijaa, msikose kitu mezani.